Daraja la Tatu

Daraja la kwanza ni daraja lenyewe:
mtoto ajipinde kinyumenyume,
viganja chini, nyayo chini, tumbo lielekee bati,
na paka wa ghalani apite uvunguni bila kuinama.
Raiye alilisimamisha akiwa na miaka sita.
Paka akapita, akarudi, akalala humo humo.
"Usicheke," nikamwambia, "ukicheka litabomoka."
Akacheka. Likabomoka. Paka akatoka mbio.

Hapa Wete hatuna ukumbi. Tuna ghala
lililowahi kuhifadhi karafuu; ukianguka kifudifudi
pua inakumbuka. Magodoro yetu ni magunia
tuliyoyajaza makumbi, juu yake sufi,
na boriti ni boriti kweli, mti wa mkoko
uliopigwa randa na fundi Kombo Shehe,
ambaye mpaka leo anauliza
nyumba yenyewe itaezekwa lini.

Daraja la pili ni ukuta.
Miguu juu, kichwa chini, hesabu hadi thelathini.
Chokaa ina alama za visigino, kila mwaka na safu yake,
na ile safu ya juu kabisa, karibu na dirisha,
ni yangu.
Nilikuwa mrefu. Ndiko kulikoniponza.

Jina langu Tatu, na nilikomea la tatu;
watoto wanalijua hilo na hawanisamehe.
Baina ya Idi Ndogo na Idi Kubwa
nilirefuka shubiri nzima,
uzito ukahama kiunoni bila kuniaga.
Nikajirusha nyuma, nikaitafuta ardhi pale nilipoiacha.
Haikuwepo. Kifundo cha mkono kikasema ka,
na watahini kutoka Unguja wakaandika,
kwa kalamu ya buluu, kitu kifupi.

Sasa mimi ni mkono.
Mwalimu Faki ana daftari la madaraja;
langu halijaandikwa popote:
kwanza mikono miwili chini ya mgongo,
viganja wazi, kama anayepokea sinia;
kisha mmoja;
kisha vidole viwili, vya kuudanganya mgongo
kwamba yupo mtu;
kisha kivuli cha mkono;
kisha sipo,
nimesimama pembeni nikiushika upindo wa kanga.

Kwenye vidole viwili Raiye alikaa miezi saba.
Alikuwa anafika ukingoni mwa gunia, anavuta pumzi,
halafu anainama kufunga kamba ya suruali
ambayo haikufunguka.
Wenzake waliguna. Mwalimu alitazama saa.
Mimi sikusema kitu. Kamba hiyo naijua.

Boti ikawaleta watahini siku ya Jumamosi,
wamevaa viatu safi, wakaombwa wavivue.
Sheria ya la tatu ni moja: asiguswe.
Nikarudi nyuma hatua tatu, ya nne nikaiongeza mwenyewe,
maana mikono yangu siiamini.
Raiye hakunitazama.
Hakuinama.
Akaenda,
na kwa kitambo kidogo, kidogo kuliko kope,
hakuna kilichomshika duniani,
si gunia, si mimi, si jina la mama yake,
ila ushungi uliobanwa kwa pini nne.

Akatua. Goti la kushoto lilikunja:
sehemu tatu za kumi zikakatwa.
Tatu tena! Nikacheka peke yangu.
Amepita. Akakimbia, akanipita
kama mtu anavyopita mlango,
akaenda kwa mama yake na chupa ya ukwaju.
Ndivyo inavyotakiwa. Najua ndivyo inavyotakiwa.
Nikakunja magunia.

Usiku ule, nyumbani, birika ilitereza mezani.
Kabla jicho halijaiona
mkono ulikuwa umeshafika chini yake, wazi,
mkono wangu wa kulia, uliowahi kulia.
"Wee Tatu," mama akasema, "utaungua!"
Ilikuwa tupu, lakini.